Wa Kushika Upande wa Pili

Mwaka tuliohamia kijijini, mimi sikuhama. Nyumba yetu ndiyo iliyohama. Watu walikuja wakang'oa milango, nguzo na boriti, wakaziteremsha hadi kando ya barabara, ambako nyumba zote sasa zilipangwa mstari mmoja. Juu kule, chini ya msitu wa Shume, palibaki shamba letu, kaburi la babu, na jiko la zamani la udongo lenye mlango mbovu ambao hakuna aliyeutaka. Nikakaa humo jikoni kulinda mahindi.

Mwenyekiti wa kijiji alimpa mama ruhusa ya msimu ule tu. Tukivuna, tungeendelea kulima kule. Tusipovuna, nishuke nikae na wenzangu, na shamba liachwe. Mama alilitaka lile shamba kwa sababu kiwanja tulichopewa chini kilikuwa changarawe tupu. Mimi nililitaka kwa sababu nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa watu. Pale kijijini, ukienda kuchota maji unapita mbele ya kila mlango, na kila mlango una mtu mzima wa kuamkiwa. Shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka sauti inaishia kooni na mtu anauliza, huyu mtoto ana nini.

Juu kule hakukuwa na wa kuamkia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, baba alikuwa ameshuka Mazinde kukata mkonge na hakurudi, na dada zangu walikuwa na waume zao. Siku zilipita sijasema neno. Jioni nilikohoa makusudi, nisikie kama sauti bado ipo. Ukungu ukishuka kutoka msituni sikuona hata migomba iliyo hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilikaa na moto, nao moto nilizoea kuukaripia kama mtu.

Kisha mbogo akaanza kuja. Alikuwa dume zee lililofukuzwa na kundi, pembe moja imekatika ncha. Alikuja alfajiri, ndani ya ukungu, akala mahindi mabichi bila haraka. Nilipiga debe, akainua kichwa, akanitazama, akaendelea kula. Mama alipeleka habari kwa mwenyekiti, mwenyekiti akapeleka Lushoto kwa bwana nyama, ambaye ndiye mwenye bunduki. Tukaambiwa tusubiri. Mbogo hakuambiwa asubiri.

Ndipo nikashuka kijijini kuchukua upinde wa babu na podo lake la mishale.

Babu, baba yake mama, alikuwa mwindaji, na alinifundisha akiwa amezeeka. Upinde niliweza kuuvuta. Sumu yake ilikuwa bado ipo, imefungwa ndani ya kipande cha ngozi. Kazi ilikuwa mishale. Kwa ndege au digidigi, babu alichukua wowote uliokuja mkononi. Kwa mnyama mkubwa alikaa chini akachagua. Alitaka uti mzito, chembe, ile ncha ya chuma, iliyofungwa kwa kano isiyolegea, na manyoya yaliyotoka bawa moja la mwewe, yote yakilalia upande mmoja. Na alitaka miwili iliyofanana. Bila wa pili hakutoka nyumbani. Sumu ile huua polepole, na mbogo mwenye mshale mmoja uliopotoka hafi. Huingia msituni na maumivu yake, akajificha kando ya njia, akamngojea yeyote atakayepita. Njia zile hupitwa na akina mama wanaookota kuni.

Kupima unyofu ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anashika mwisho wa mshale kwa ncha za vidole na kuuzungusha taratibu. Mwingine anakaa upande wa chembe, anafumba jicho moja na kutazama. Ukiwa mzima, chembe inatulia mahali pamoja. Ukiwa umepinda, chembe inachora duara hewani. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha, babu akitazama.

Sasa sikuwa na wa kuzungusha. Nilichomeka mshale wote kwenye ufa mrefu wa ule mlango mbovu, chembe tu ikabaki nje, nikapiga magoti upande wa chembe na kutazama. Mmoja baada ya mwingine nikaona imenyooka. Nilifurahi. Nilishangaa pia, kwa sababu tangu tuhame podo lilikuwa limening'inizwa ukutani, sebuleni kwa mama. Zamani mishale ilikaa humu jikoni, darini juu ya moto, imejaa masizi, mikavu. Kijijini tulipikia nje, na ukuta wa sebule ulikuwa bado unatoa maji, na unyevu hupindisha uti. Lakini macho yangu yalinionyesha imenyooka, nikachagua miwili iliyolingana uzito, nikaiegemeza pembeni.

Siku ileile alasiri mama akapanda na kikapu cha bada, ugali wa muhogo, na majani ya maboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Shamba linakula wewe, au wewe unakula shamba?"

"Anayekula ni mbogo."

"Naye ana mama wa kumbebea bada mlima huu wote?" Akaketi, akanyoosha miguu. Akaiona mishale. "Umechagua na nani?"

"Na mlango."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Haya, mlango umesemaje?"

"Umesema ni mizima."

"Lete nikushikie."

"Babu alisema wanawake hawashiki mishale."

"Babu yako alizaa wasichana watupu. Kabla hujazaliwa wewe, unadhani alishikiwa na mbuzi?"

Akaichukua. Aliushika wa kwanza kwa ncha za vidole, kwa wepesi, kama anayeshika sindano, akauzungusha. Chembe ikatembea mbele ya jicho langu, ikachora duara. Nikadhani mkono wake unatetemeka.

"Zungusha tena, mama."

Akazungusha. Duara lilelile.

"Unacheza ngoma huu," alisema, maana hata yeye aliusikia vidoleni. Tukatazama ule ufa wa mlango. Mbao zilikuwa zimeubana mshale pande zote na kuukaza, basi ulionekana umenyooka kwa kuwa umebanwa. Mkono wa mtu haubani.

Wa pili nao ulicheza. Tukamwaga podo lote chini. "Huu mlevi," mama alisema. "Huu naye wamelewa pamoja." Mmoja tu ulitulia. Alizungusha upande wake, na upande wangu chembe ikasimama kimya kama msumari. Nilijaribu kunyoosha mwingine juu ya moto, kama babu alivyofanya, ukapasuka. Mama aliendelea kuokota na kuzungusha, hata ile tuliyokwisha kuipima, nami niliendelea kutazama. Nilitamani podo liwe kubwa zaidi. Tangu babu afe hakuna mtu aliyekuwa ameshika upande wa pili wa kitu nilichokishika mimi.

Alilala kule. Alfajiri tulisikia mabua yakivunjika.

Nikatoka na upinde na ule mshale mmoja. Ukungu ulikuwa mzito, nikamkaribia zaidi ya nilivyodhani. Alisimama ubavu kwangu, nikaona mvuke wa pumzi yake na matope makavu begani. Niliweka mshale kwenye upote wa upinde, nikavuta. Usingepotoka, hilo nilijua. Lakini mbogo yule angeweza kugeuka, au kupiga hatua, na mkononi sikuwa na kitu kingine. Mama alikuwa nyuma yangu mlangoni. Siku ile angeteremka peke yake, kwa njia ya kuni.

Nililegeza upote taratibu. Mbogo alinitazama, akarudi kwenye mahindi. Nilisimama pale mpaka akashiba.

Mama alichukua kikapu, akaanza kukata maboga yaliyosalia. Niliweka vitu vyangu kwenye gunia, nikazima moto kwa maji, nikaenda kusimama kidogo kaburini. Tulipofika kwenye kona ambapo shamba linaonekana kwa mara ya mwisho, mbogo alikuwa amerudi, amelala katikati ya mabua.

"Mwenyewe huyo sasa," mama alisema.

Tukateremka. Nyumba za mstari zilipotokea, alinipa kikapu nibebe na akapunguza mwendo ili nitangulie. Kwenye mlango wa kwanza alikaa mzee mmoja akichonga mpini. Nikamwamkia. Hakusikia. Nikamwamkia tena.