Kaka alichukua nchi yangu nikiwa msibani

Admin, jina langu lifiche, na la kaka yangu lifiche zaidi, maana humu ana marafiki wengi kuliko mimi.

Nina miaka hamsini na moja, mama wa watoto watatu, naishi Segerea. Baba yetu alifariki mwaka jana, na Jumamosi hii ukoo unakaa kikao cha kumteua msimamizi wa mirathi. Wote wanamtaka kaka yangu, nimwite Sefu. Kwenye nyumba ya baba, Vingunguti, anaishi mdogo wetu wa mwisho, mlemavu wa miguu, hana pengine pa kwenda. Wanataka saini yangu, na kila nikishika kalamu naiweka chini. Sababu yenyewe ilianzia kwenye mchezo. Chekeni, lakini nisomeni hadi mwisho.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyama vingi ndiyo kwanza vimeruhusiwa, kila kibaraza siasa. Jirani yetu Deo, kijana wa Kihaya, baba yake karani, akabuni mchezo wa nchi. Alichora ramani nyuma ya kalenda kuukuu, akaigawa nchi sita, kila mmoja wetu akapata yake. Tulicheza kila Jumapili barazani kwao. Mfumo wa serikali kila mtu alijichagulia mwenyewe. Mfalme aliamua peke yake, papo hapo, lakini dadu likileta njaa wananchi wanamkimbia. Mwanajeshi hakimbiwi, ila anapinduliwa. Mimi nilichagua vyama vingi. Kila jambo langu lilingoja kura Jumapili inayofuata, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho kwa maendeleo, ila hakuna wa kuniondoa kirahisi. Sefu alikuwa mfalme na alinicheka sana. "We endelea kupiga kura, wenzio tunajenga barabara."

Juu ya nchi zote palikuwa na bunge, na kubadili katiba kulitaka kura nne kati ya sita. Kila mchezaji alikuwa na muhuri wake, na mihuri hiyo tuliichonga kwenye soli za kandambili. Ukipata udhuru unamwachia mwenzako muhuri akupigie kura bungeni, kutawala nchi yako hapana. Kipengele hicho nilikileta mimi, tena kwa mbwembwe, nikijiona mwanasheria.

Basi bibi mzaa mama akazidiwa Kilwa. Mimi na mama tukafunga safari, na muhuri nikamwachia Sefu. "Kaka, nilindie nchi yangu," nikamwambia. Akajibu, "Nenda kamuuguze bibi, mie si nipo?"

Wiki ya pili bibi akafariki. Tukamtumia Sefu habari, jibu likaja kwamba homa kali imemlaza, hawezi kusafiri. Mama alilia kwa wote wawili, mama yake aliyekufa na mwanawe aliye kitandani. Tukazika, tukasoma hitma, tukakaa mpaka arobaini.

Niliporudi Dar nikaenda barazani kwa Deo. Kwenye ramani nchi yangu imepakwa rangi ya Sefu. Deo akanifungulia daftari la bunge. Katiba yetu ilisema nchi isiyo na kiongozi Jumapili kumi inawekwa chini ya nchi jirani, na aliyepakana nami ni Sefu. Sefu alipendekeza ziwe mbili. Kura nne zikapatikana, na ya nne ilikuwa na muhuri wangu. Sababu aliiandika kwa mkono wake: kiongozi yuko msibani, hatarudi kabla ya arobaini.

Chini yake palikuwa na mahudhurio. Jumapili ile ile tuliyokuwa tunamsomea bibi hitma, Sefu alihudhuria na kusaini. Nikamuuliza Deo, "Si alikuwa anaumwa?"

Deo akanishangaa. "Aumwe wapi, sista? Mbona alimaliza mihogo yote siku ile!"

Sefu mwenyewe akatokea, wala hakuinamisha uso. "Sheria imefuatwa, mdogo wangu. Muhuri si ulinipa mwenyewe?"

"Na bibi je?"

"Bibi kashakufa, ningemfufua mie?"

Nchi sikuijali tena, nchi ilikuwa kalenda. Bibi yule ndiye aliyemlea Sefu mpaka akaanza shule. Mtu anaacha kumzika mlezi wake, anamdanganya mama yake, ili ashinde mchezo wa Jumapili, halafu anakwambia sheria imefuatwa! Na mimi sikusema kitu. Mama alimpikia uji wa pilipili manga, anamwambia, "Mwanangu, homa imekukondesha," na kikombe nilimpelekea mimi kwa mkono wangu. Kinyaa cha siku ile ni chake na ni changu pia.

Wiki iliyopita Sefu alikuja kwangu na muhtasari wa kikao cha ukoo, umeshachapwa wakati kikao chenyewe hakijakaa. "Saini tu, mengine niachie," akasema. Nikamjibu kwamba nitausoma kwanza. Kesho yake baba mdogo akanipigia, sauti juu. "Unamkatalia kaka yako kwa lipi? Kama una sababu ilete kikaoni, tuisikie wote."

Sababu ninayo, ni hiyo tu. Mama ana miaka themanini na mbili na atakuwepo. Jana ameniambia kwa upole, "Msikilize kaka yako. Yule alimpenda mama yangu mpaka uchungu ukamlaza kitandani." Miaka yote hii mama amekuwa akiliwaza moyo wake na jambo hilo.

Nikisaini, namkabidhi Sefu nyumba anayolala mdogo wangu asiyeweza kusimama. Nikikataa, itabidi nimwambie mama, mbele ya ukoo mzima, mwanawe alikuwa wapi siku ile, na kwamba mimi nilijua. Nyie mliokwisha kukaa vikao vya namna hii, nipeni akili, maana zangu zimegota. Jumamosi niseme, au ninyamaze tena?