Nguzo za Ghorofa ya Kaka

"Umekuja kutuhesabu kama kuku?" aliuliza mama wa chumba cha kwanza, mlango kaushikilia nusu.

Fundi mwashi aliinamia viatu vyake. Tangu ardhi itikisike mwezi uliopita, manispaa ilimpa kazi ya kupita nyumba hadi nyumba, akague kuta, akadirie likija tetemeko kubwa wataumia wangapi. Mchana watu wako makazini, ukiwahesabu saa hizo unajidanganya. Ndiyo maana kila mlango aliuliza swali lilelile.

"Usiku mnalala wangapi, mama? Na vichwa mnaelekeza ukuta upi?"

"Sita. Vichwa viko shingoni." Mlango ukabamizwa.

Akaandika sita. Kuta za nyumba hii hakuzigonga. Aliijenga mwenyewe, ya ghorofa moja. Baadaye kaka yake, mwenye nyumba, akamwamuru aongeze ya pili juu ya nguzo zilezile nyembamba. Alijua hazitabeba. Akanyamaza, akajenga.

Alipomaliza vyumba vyote, kaka alimkuta ngazini. "Andika imara, twende zetu tukanywe chai."

"Kaka, nguzo za chini..."

"Nani alizijenga? Mimi nilishika mwiko?"

"Mimi."

"Sasa unajishtaki, bwege wewe! Nani atakupa kazi tena?" Akampokonya karatasi, akaichana, akamrushia vipande kifuani. Wapangaji waliochungulia wakaangua kicheko, kaka akaenda kunywa chai peke yake.

Fundi alivuka barabara masikio yakiwaka moto, akaketi juu ya tofali, akatoa karatasi nyingine. Idadi ya kila chumba alikuwa nayo kichwani. Thelathini na wanne. Nguzo za chini zitakatika kwanza, na wa juu watawashukia wa chini. Hatari: wote. Penye "aliyejenga", mahali ambapo wengi huacha wazi, aliandika jina lake kwa herufi kubwa za shule ya msingi.

Kivuli kikamwangukia. Mama wa chumba cha kwanza.

"Umeandika nini?"

"Isikaliwe."

"Na sisi tukalale wapi? Kwako?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Kujenga hukujua, kutufukuza ndiyo unajua." Akatema mate karibu na viatu vyake, akaondoka. Katikati ya barabara akageuka.

"Tena tuko saba! Kichanga sikukutajia. Andika vizuri!"

Fundi akafuta, akaandika thelathini na watano. Kisha akainuka kuelekea manispaa, kabla kaka hajamaliza chai yake.