Kidole cha Bwana Karatasi

Fundi wetu wa maabara tunamwita Bwana Karatasi. Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi jinsi miale ya alfa inavyozuilika: anafunika kidonge chenye mionzi kwa karatasi moja, na mashine ya kupimia inaacha kulia.

"Hata ngozi inaizuia," anatamba.

Kila karatasi huichomoa kwa kidole alichokilamba. Nimemgombeza mpaka nimechoka!

Leo, baada ya kipindi, tumekuta kidonge kimepasuka, unga wake umetapakaa kwenye karatasi zote. Akasogeza kidole kilekile kwenye mashine. Ikalia. Akaipeleka mashine tumboni kwake. Ikanyamaza.

"Afadhali," nikasema.

"Afadhali nini, dada?" akauliza. "Kama unga umo ndani, ngozi hiyohiyo ndiyo inayouficha."