Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa Cheupe

Saa tatu asubuhi, Mwanvua Zahoro anawasha kijiti cha udi na kukisogeza mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Hafukizi nguo, wala hakuna mgeni anayetarajiwa. Moshi unavutwa ndani kwa chini, unapita juu ya kadi ya picha, kipande kinachochakata video, kisha unatoka kwenye tundu jipya lililokatwa juu ya kasha.

"Hapo sasa inapumua," anasema, na kuzima udi kwa vidole vilivyozoea moto.

Mwanvua, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni fundi wa kompyuta katika mtaa wa Kataki mjini Kalemie. Ukoo wake umefanya biashara ya ziwani tangu enzi za mababu. Yeye mwenyewe hata kuogelea hajui, na anakiri hivyo bila haya.

Kompyuta iliyo mbele yake ni ya Chérubin Asukulu, mpiga video za harusi aliyekimbia Uvira kwa boti mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipokaribia. Aliipakata njia nzima ikiwa imeviringishwa blanketi. Nguo zake alizisahau bandarini.

Mama yake, Émérence, alikataa kupanda boti. Wiki mbili zilizopita alifariki huko Uvira kwa homa, na hakuna ndugu wa Kalemie aliyeweza kwenda kumzika. Majirani walirekodi mazishi kwa simu nne na kutuma vipande kidogo kidogo, kila mtandao uliporudi. Chérubin anaviunganisha viwe video moja ya kuonyeshwa kesho Jumamosi saa kumi jioni, siku ya kuondoa matanga.

Shida ni kwamba kila anapofika hatua ya mwisho ya kuunganisha, kadi ya picha inapanda hadi nyuzi joto tisini na saba na mashine inajizima.

"Inafika ku kaburi, inazima," anasema Chérubin. "Mara tano tumemufikisha mama pale, mara tano tumerudi. Mama mudogo ameanza kuniuliza kama dada yake hataki kuzikwa."

Mwanvua alianza kwa kutoa vumbi kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Vumbi lilikuwa limegandamana na moshi wa samaki, maana Chérubin anaishi jirani na wanaokausha samaki. Kisha akachomoa feni mbili kutoka kwenye mashine zilizokufa: moja akaiweka mbele chini ilete hewa baridi, nyingine juu itoe ya moto.

"Mafundi wengi wanageuza feni zote ndani, kama vile unapepea mugonjwa," anaeleza. "Hewa inakosa kwa kutokea. Hapo haupozi, unapika."

Kazi kama hii ni faranga elfu kumi na tano. Wiki nzuri hupata kazi tano, na humo ndimo unamotoka minerval, yaani karo, ya binti zake wawili. Safari hii amekataa kulipwa, kwa kuwa ni msiba.

Baada ya nusu saa ya majaribio, kadi inabaki kwenye nyuzi sabini na nne. Chérubin anaondoka na mashine yake akiwa na amani.

Jumamosi saa nne asubuhi, simu inalia kwenye kibanda cha Mwanvua. "Mama Mwanvua, imezima tena. Palepale."

Mwanvua anachukua bisibisi na udi. Akifika nyumba ya msiba anavua viatu, anatoa pole, kisha anaiona kompyuta pembeni. Imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, kimechomekwa vizuri pande zote.

"Nilimufunika mimi," anasema Célestine, mdogo wa marehemu. "Dada yangu njo yuko mule. Watu wanapita, wanakula, wanaongea. Singemuacha wazi."

Hakuna anayecheka. Mwanvua anakaa kwenye mkeka kando yake, na kitambaa hakigusi.

"Umefanya vizuri, Mama. Lakini tazama." Anamwomba Chérubin aiwashe, anawasha udi na kuupitisha chini ya upindo wa mbele. Moshi unaingia, unapanda, unagonga kitambaa na kurudi chini ulikotoka.

Célestine anautazama kwa muda. Kisha anakiondoa kitambaa kwa mikono yake mwenyewe na kukikunja mara nne.

"Na chini yake? Chini anaweza kulalia?"

"Chini hapana shida, Mama. Hewa inaingilia mbele."

Chérubin anainua mashine. Célestine anatandika kitambaa mezani, ananyoosha pembe moja baada ya nyingine, na mashine inawekwa juu yake. Safari hii moshi unapanda hadi darini. Mzee mmoja wa kanisa anauliza kwa utani kama nyumba imeshasilimu.

Saa nane na dakika ishirini kazi inakamilika. Joto halikuvuka nyuzi sabini na sita.

Saa kumi, watu zaidi ya arobaini wanatazama. Jeneza linapoteremshwa Uvira, Célestine analia, na nyumba nzima inalia naye. Udongo ukiisha kurudishwa anajifuta uso. "Basi," anasema. "Tumemuzika."

Mwanvua, aliyekusudia kuondoka mapema, amekaa hadi mwisho na macho yake ni mekundu. Anasema anatafuta chumba kikubwa karibu na soko, kwa sababu kompyuta nyingine tatu kutoka Uvira zinamsubiri, na mbili kati ya hizo zina mazishi ndani.

"Kazi naipenda, ila nataka zirudi zile za harusi," anasema akivaa viatu. "Hii ya leo, ya kuzika, ndugu wangeifanya kwa mikono yao, na chepe."