Mbuzi Ishirini na Wanne Ndani ya Mitokondria

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1996, saa nne asubuhi, Masalu Jilala, mwalimu wa baiolojia, alifungia mbuzi ishirini na wanne kwenye boma la miiba nyuma ya darasa lake huko Nkoma, wilayani Bariadi. Habari hiyo imo katika ripoti ya mkaguzi, ukurasa wa tatu, chini ya "Vifaa vya Kufundishia".

Shule ilikuwa ya binafsi, iliyoanzishwa kipindi kile kila mwenye mizani aliporuhusiwa kununua pamba. Maabara haikuwepo. Mkaguzi, Joakim Mihayo, alikuja kuamua kama kidato cha tano cha sayansi kiendelee, au wanafunzi wake kumi na mmoja warudi makwao. Somo la siku hiyo lilikuwa jinsi seli inavyotengeneza ATP, nishati inayoendesha kazi zake.

Masalu alianza na njia fupi. Mwanafunzi mmoja, Limbu, alishika kijiti kilichochomekwa karanga mbili. Hiyo ilikuwa ADP, malighafi ya ATP, na karanga zilikuwa fosfeti. Mwenzake Esteria akachomoa karanga kwenye kijiti chake na kuichomeka kwenye cha Limbu.

"Kimeng'enya kinahamisha fosfeti mkono kwa mkono," alisema Masalu. "Sasa ni tatu. Hiyo ni ATP."

Limbu akaila ile ya tatu. "Mwalimu, imetumika."

Njia ndefu ndiyo iliyohitaji mbuzi. Hao walikuwa protoni, na uzio wa miiba ulikuwa utando ndani ya mitokondria, kinu cha nishati cha seli. Wanafunzi waliopokezana elektroni za chakula, hadi kwa aliyejiita oksijeni, waliwaswaga mbuzi bomani. Njia pekee ya kutoka ilikuwa mlango wa kuzunguka, uliofungwa juu ya gurudumu la mkokoteni. Mbuzi wakipita, gurudumu linazunguka, na Limbu anachomeka karanga ya tatu.

"Na kwenye jani?" aliuliza Mihayo.

"Boma na mlango vipo vilevile, mzee. Ila elektroni zinasukumwa na mwanga wa jua."

Mbuzi wa nne alikuwa mlangoni alipofika Nyanjige, mwenye mbuzi. Mchungaji wake aliwaazimisha bila kumwambia. Nkoma, mbuzi hawafungiwi saa za malisho, labda wawe wamekamatwa kwa kula shamba la mtu. Na hapo alisimama mgeni mwenye faili, kama aliyekuja kukadiria fidia.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia Mihayo kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka. Wamekula shamba la nani?"

"Hawajala la mtu, mayu. Ni protoni."

"Simjui huyo! Shamba lake liko wapi?"

Hakungoja jibu. Alizunguka nyuma ya boma na kuvuta tawi la miiba. Mbuzi wote waliobaki wakapenya hapo. Gurudumu likasimama. Limbu akabaki na karanga mkononi.

Mihayo alimgeukia Esteria. "Binti, seli yako imepata nini?"

"Haijapata ATP, mzee. Utando umetoboka. Protoni zinarudi bila kupita mlangoni, kwa hiyo gurudumu halizunguki. Wanaosukuma wanachoka bure, na nguvu yote inageuka joto."

"Joto lenyewe liko wapi?"

Esteria alitazama shati la Masalu, lililolowa hadi kiunoni. "Limemwingia mwalimu."

Mihayo aliandika kwa muda mrefu. Darasa liliruhusiwa kuendelea kwa masharti mawili: maabara ijengwe ndani ya mwaka mmoja, na mifugo isitumike tena bila idhini ya mwenyewe. Jumatatu iliyofuata, Masalu na wanafunzi wake kumi na mmoja walianza kufyatua matofali.