Ghala Letu Halina Safu ya Tisini na Tisa

Admin, jina langu nakuomba libaki kwako. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 31, naishi Sumbawanga mjini, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Sijaoa, nakaa na mama yangu mzazi. Watakaonitukana kwenye maoni waje tu, nimeshajitukana vya kutosha.

Kuna mama mfanyabiashara hapa mjini ana ghala la mahindi. Alilianzisha miaka ile biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, na baadaye akaweka kompyuta, watu wakawa wanakuja kuishangaa. Fundi aliyemwandikia programu alishafariki. Ni ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, kwa lugha ambayo sisi wa leo hatukufundishwa, na mashine yenyewe ilikuwa inazimika ikijisikia. Mama huyo akaniita, akaniuliza, "Tuitie viraka au tuandike upya?"

Jibu nilikuwa nalo kabla sijaiwasha. Nani anataka sifa za kutia viraka kazi ya mtu mwingine? Nilitaka niandike upya kwa lugha mpya, ionekane mpaka kwenye simu, watu wajue kuna kijana hapa. Mtunza ghala, mzee wa Kifipa nitakayemwita G, aliyekuwepo tangu mwanzo, akanifuata. "Mwanangu, hiyo ya zamani ina mambo yake. Ukae na mimi ghalani siku mbili nikuoneshe tunavyofanya, ndipo uandike." Nikamjibu, "Mzee wangu, mambo yote yamo humu kwenye kompyuta." Siku mbili tu, ndugu zangu, nazo nilimnyima.

Nilipokuwa nahamisha taarifa nikakuta magunia kadhaa yameandikwa safu ya 99. Ghala lina safu kumi na mbili. Nikacheka peke yangu, nikasema hawa wazee walikuwa wanabonyeza tisa mara mbili. Nikayaweka yote safu ya 9, nikaendelea na kazi.

Kumbe programu ile haikuwa na mahali pa kuandika mbegu, yale mahindi ya kupanda ya mama mwenye ghala, yaliyochanganywa dawa kali ya wadudu. Gunia ni lile lile, linapangwa popote penye nafasi, alama yake ni namba ya wino tu kama magunia mengine yote. Kwa hiyo marehemu fundi na mzee G walikubaliana mbegu yenye dawa iandikwe safu ambayo haipo, na programu ikatae kuitoa. Miaka yote hiyo ilikuwa inakataa, mpaka nilipokuja mimi na ya kwangu.

Siku moja wateja wamejaa, mzee G akanipigia simu. "Mwanangu, kompyuta inasema gunia hili litoke, mimi moyo haukubali. Kama vile lilikuwa la tisini na tisa." Nilikuwa mgahawani nakula. Nikamkaripia, mtu wa rika la baba yangu, "Mzee, fuata kompyuta inavyosema!" Akafuata. Gunia likanunuliwa na familia ya Wasukuma wafugaji, upande wa Milepa. Wakasaga, wakasonga ugali. Binti yao wa miaka sita alifia njiani kuelekea hospitali. Mama yake wanasema amepona.

Mzee G alikamatwa kwa sababu funguo ni zake. Akawaeleza askari habari ya tisini na tisa, nami nikaitwa kituoni, nikaelezwa alichosema. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Askari akaniuliza mbele ya mzee G, "Kijana, ghala lina safu ya tisini na tisa?"

Nikasema, "Hapana afande. Safu ni kumi na mbili."

Mzee aliniangalia, hakugomba. Alisema tu, "Haya, mwanangu."

Nilitoka pale nikairekebisha programu kimyakimya, mbegu isitoke tena. Sasa mama mwenye ghala, ambaye hajui lolote, anataka niiweke na kwenye ghala lake la Kabwe. Ile kompyuta ya zamani amenipa niifute, anataka kuigawa. Ni hiyo peke yake yenye 99, na iko chini ya kitanda changu. Nikisema ukweli naweza kufungwa mimi, na mama yangu hana mwingine wa kumtunza. Nikinyamaza, mzee anakwenda na maji.

Kinachoniua zaidi ni kwamba mama yangu anasali jumuiya moja na mke wa mzee G. Jumamosi jumuiya ilikuja kusali kwetu, kumwombea mzee atoke, mashine ikiwa chumba cha pili. Walipomaliza, mke wa mzee G akanishika mkono. "Mwanangu, mzee anasema wewe ndiye unayeijua kompyuta. Kesi ni Alhamisi. Utakuja umweleze hakimu?" Nikamwitikia nitakuja. Akanishukuru, akamwambia mama yangu amezaa mtoto.

Ndugu zangu, leo ni Jumanne. Nishaurini: niifute, au Alhamisi niibebe begani niingie nayo mahakamani?