Namba ya Mwisho ni ya Ghati

Saa mbili kasoro asubuhi, Kibondo bado ina ukungu. Ghati Nyamhanga yuko peke yake katika chumba cha nyuma cha kituo cha afya, zamani stoo ya vitanda. Mbele yake kuna kompyuta, modemu ndogo yenye laini ya simu, na orodha ya akina mama 214 wa kukumbushwa kliniki.

Ya 215 ni namba yake mwenyewe.

"Meseji ikinifikia mimi, najua wote wameshapita," anasema.

Wiki tatu haijamfikia. Muuguzi mfawidhi, Yusta, ameshamwambia: leo ikikwama tena, kituo kinarudi kwenye daftari, naye afungashe.

Ghati, miaka 27, mzaliwa wa Tarime, ndiye pekee hapa anayeandika programu. Huu ni mwaka wa pili. "Nikikosea, hakuna wa kumwonyesha. Naongea na ukuta."

Programu yake haisubiri mama mmoja apate ujumbe ndipo ianze kazi ya mwingine. Inaanzisha zote pamoja, kila kazi ikingoja zamu ya kushika modemu. Sasa namba moja ikiwa mbovu, kazi ile inakufa kimya, ikiwa bado imeishikilia modemu. Zilizobaki zinangoja mpaka jioni.

Dawa ya tatizo hilo aliipata bombani. Kwenye nyumba anayopanga, wapangaji wote wana ufunguo mmoja wa bomba. Jumapili haukuonekana. Kumbe mpangaji mwenzake, Nickson, alikuwa nao mfukoni.

"Si maji hayakutoka, mama! Sikuteka hata tone."

"Yewe, nimekuuliza maji?" alifoka mwenye nyumba, Mama Immakulata. "Upate, ukose, ufunguo urudi msumarini! Na kama hayatoki, sema, wenzio wajue!"

Ghati aliacha ndoo pale pale.

"Nickson ni mimi," anacheka kidogo. "Amri ya kuachia modemu niliiweka baada ya ujumbe kuondoka. Usipoondoka, amri haifikiwi."

Ameihamishia mahali inapofikiwa kwa vyovyote, na kila kosa linajiandika kwenye skrini pamoja na namba ya simu iliyokwama.

Anabonyeza. Yusta amesimama mlangoni, daftari kwapani. Makosa mawili yanajitokeza. Kazi inaendelea.

Ghati anatamani kuwafundisha wasichana wa Kasulu, wilaya jirani, kuandika programu, "hata mmoja tu, wa kuniambia hapa umekosea."

Simu yake inatetemeka mezani. Yusta anaiwahi, anasoma kwa sauti: "Mama, kesho ni kliniki. Njoo na mtoto." Analirudisha daftari kabatini.

"Una mtoto wewe?"

"Sina, sista. Ila ndiyo meseji pekee niliyopata wiki hii."